"Hana Kizazi": Lugha ya Kufasiri Majibu ya Vipimo vya Homoni kwa Watu Huntha, Kibiti na Delta ya Rufiji

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha hospitali neno "kizazi" hubeba mizigo mitatu. Kwanza ni kiungo, yaani mfuko ambamo mimba hukua. Ndiyo maana husemwa kwamba mama fulani "ametolewa kizazi". Pili ni uwezo wa kuzaa, kama isemwapo kwamba "kizazi chake kimefunga". Tatu ni mfuatano wa watu katika ukoo. Atamkaye kwamba "binti huyu hana kizazi" amesema mambo matatu kwa pumzi moja. Daktari amekusudia la kwanza. Mama wa binti amesikia la pili, na wazee wa ukoo, habari ikiwafikia, watasikia la tatu.

Makala haya yanajadili namna majibu ya vipimo vya damu vya homoni yanavyofasiriwa kwa Kiswahili pale yanapomhusu mtu ambaye maumbile yake ya jinsi hayakufuata mkondo uliozoeleka wa kiume au wa kike, na hasa pale familia inapouliza habari ya uzazi. Mazingira yanayozingatiwa ni Kibiti na delta ya Rufiji. Hoja inayotetewa ni kwamba karatasi ya maabara hujibu swali dogo kuliko lile lililoulizwa nyumbani, na kwamba maneno yaliyozoeleka, kama vile tasa, mgumba, hanithi na hilo "hana kizazi", hulipanua jibu hilo dogo mpaka likawa hukumu juu ya mtu. Mifano ya wagonjwa itakayotolewa ni ya kufikirika. Imejengwa kwa kufuata maelezo ya kawaida ya kitabibu, na haimlengi mtu yeyote aliye hai.

2.0 Safari ya Karatasi

Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Mji wake uko kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Dar es Salaam. Hata hivyo, kata zake kadha za mashariki, kama Salale, Msala, Mbuchi, Maparoni na Kiongoroni, zimo ndani ya delta, kati ya vijito na mikoko, ambako safari hupangwa kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Mkazi wa huko anayehitaji kipimo cha homoni hana budi kupanda chombo, kisha gari, na aghalabu kufika Dar es Salaam. Majibu hurudi yameandikwa kwa Kiingereza. Anayeyasoma kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza mara nyingi ni tabibu au muuguzi wa karibu na nyumbani, na fasiri yake ndiyo inayobaki katika kumbukumbu ya familia hata karatasi yenyewe ikiisha kuloa au kupotea.

3.0 Huntha, Hanithi na "Jinsia Mbili"

Maneno "huntha" na "hanithi" yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, kh-n-th, wenye dhana ya ulaini na kupinda. Katika Kiswahili yameachana njia. Huntha ni mtu ambaye maumbile yake yana dalili za pande zote mbili. Hanithi ni mwanamume asiyeweza tendo la ndoa, na mitaani ni tusi kwa mwanamume anayedhaniwa kuwa na mwenendo wa kike. La kwanza linahusu umbo. La pili linahusu uwezo au tabia. Kwa sababu sauti zinakaribiana, wazungumzaji wengi huyachanganya, na mtoto aliyezaliwa na umbo tofauti akajikuta amevishwa lawama ya mwenendo kabla hajajua kutembea.

Neno huntha lina historia ya heshima zaidi kuliko inavyodhaniwa. Liliingia pwani pamoja na fikihi, ambamo huntha hujadiliwa kama mtu mwenye haki: atarithi vipi, atasimama safu ipi katika swala, atazikwaje. Wanazuoni walitazama kwanza njia ya mkojo, kisha dalili za balehe. Na aliyeendelea kutobainika waliita "huntha mushkili". Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani hii, mirathi ya huntha mushkili hugawanywa kwa yakini: kila mrithi hupewa kile ambacho hakina shaka, na kinachobaki husubiri hali ibainike. Jambo la kuangaliwa hapa ni subira hiyo. Sheria ilikubali kwamba swali laweza kukaa wazi kwa miaka, na mtu akaendelea kuishi, kula na kurithi.

Nchini Kenya neno lililoenea katika magazeti na katika utetezi wa haki ni "watu wenye jinsia mbili", sambamba na huntha. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua shauri la mtoto aliyetambulishwa kama Mtoto A, ambaye katika karatasi zake za hospitali mahali pa jinsi palikuwa pamewekwa alama ya kuuliza. Sensa ya 2019 ya nchi hiyo iliwahesabu watu 1,524 wa kundi hili kati ya watu zaidi ya milioni 47, yaani takriban mmoja kwa kila 31,000. Hesabu hiyo ni ndogo kiasi cha kutiliwa shaka, kwani hali moja tu kati ya nyingi zinazohusika, ile ya tezi za juu ya figo itakayoelezwa baadaye, hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 15,000 hivi. Hofu na aibu zina sehemu yake. Lakini neno nalo lina sehemu yake: mtu aliyeulizwa kama ana "jinsia mbili" atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli, maana hakuna binadamu mwenye mifumo miwili kamili ya uzazi inayofanya kazi.

Kwa hiyo makala haya yanalitumia neno huntha kwa maana pana, yakikiri kwamba wengi wanaoingia katika maana hiyo wana umbo la nje lisilo na utata wowote. Pale daktari anapozungumza na daktari, "tofauti za maumbile ya jinsi" lingefaa zaidi. Huo utengano wa "jinsi" kwa maumbile na "jinsia" kwa uhusiano wa kijamii, uliopigiwa debe katika miaka ya 1990, haujashika mizizi katika fomu za ofisini, ambako maneno yote mawili huelekeza kwenye visanduku vilevile: ME na KE.

4.0 Ungo Usiovunjika

Hali nyingi kati ya hizi hazionekani mtoto anapozaliwa. Huonekana pale jamii inapoutazama mwili kwa makusudi, na katika pwani ya kusini jamii ina nyakati mbili za kufanya hivyo. Jandoni, ngariba ni mtu wa kwanza kugundua kwamba tundu la mkojo halipo mahali pake au kwamba korodani hazikushuka. Kwa upande wa wasichana hakuna anayekagua; kinachosubiriwa ni damu. Msichana akivunja ungo huwa mwali, hukabidhiwa kwa somo na kungwi, hufundwa, kisha hutolewa. Asiyevunja ungo hana mlango wa kuingilia. Rika zake wanatolewa, wanaolewa, naye bado ni mtoto, hata kama ana miaka 18.

Tiba huona kwamba msichana aliyefikisha miaka 15 bila kupata hedhi anastahili kuchunguzwa. Na asiyeanza kuota matiti kufikia miaka 13 asisubiri hata miaka hiyo 15. Nyumbani hesabu hii hufanywa kwa namna nyingine. Kwanza hudhaniwa amefungwa, kisha huaguliwa, na hospitali huja baadaye, mara nyingi wakati posa imekwisha kuletwa. Karatasi ya homoni basi huombwa itoe jibu la posa, kazi ambayo haikutengenezewa.

5.0 Kusoma Karatasi

Chini ya ubongo mna tezi ndogo iitwayo pituitari. Hutoa homoni mbili ambazo maabara huziandika kwa herufi FSH na LH, na kazi yake ni kuziita tezi za uzazi, yaani ovari au korodani, zifanye kazi. Tezi za uzazi huitika kwa kutoa estrojeni, testosteroni na nyinginezo, na mwitiko huo ukifika pituitari hupunguza wito. Ni mithili ya mtu aliyesimama ukingoni akiita mtumbwi kutoka ng'ambo: akiitikiwa hunyamaza, asipoitikiwa hupaza sauti. FSH iliyo juu sana ni wito usioitikiwa. Mwanamke wa umri wa kuzaa, katika siku za mwanzo za hedhi, huwa na FSH ya yuniti 3 hadi 10 hivi kwa lita; ikipita 25 huwapo shaka kwamba ovari zimeshindwa, na kwa waliozaliwa bila ovari zinazofanya kazi hupanda mara nyingi zaidi ya 40.

Hapa ndipo fasiri ya neno kwa neno inapoangusha. Muuguzi akisema "homoni zake ziko juu", au vibaya zaidi "ana homoni nyingi", msikilizaji hufurahi, kwa kuwa wingi katika masikio yake ni neema. Kumbe karatasi imesema kinyume. Afadhali isemwe, "Kichwa kinaita, tezi za uzazi haziitiki." Na ikiwa FSH na estrojeni zote ziko chini, mambo ni mengine kabisa: mwitaji mwenyewe ndiye aliyenyamaza, na mara nyingi mtu wa namna hiyo akipewa homoni za kuita anaweza kuzaa.

Testosteroni ina matatizo mawili yake. La kwanza ni vipimo. Maabara moja huandika kwa nanogramu kwa mililita, nyingine kwa nanomoli kwa lita, na nanogramu moja kwa mililita ni sawa na nanomoli 3.5 hivi kwa lita. Tarakimu 3 iliyoandikwa kwa kipimo cha kwanza ni nanomoli zaidi ya 10 kwa lita, kiasi cha mwanamume. Tarakimu hiyohiyo kwa kipimo cha pili imezidi kidogo tu kiasi cha kawaida cha mwanamke, ambacho ni chini ya nanomoli 2 hivi. Anayenakili tarakimu kwenye daftari la mgonjwa na kuacha kipimo amefuta maana yote.

La pili ni kisanduku. Mipaka ya "kawaida" inayochapwa kando ya jibu huchaguliwa kufuatana na alama iliyowekwa kwenye ME au KE wakati wa kuomba kipimo. Damu yenye nanomoli 20 kwa lita hutiwa alama ya hatari ikiwa kisanduku ni KE, na hupita kimya ikiwa ni ME. Mashine haijagundua chochote kuhusu mtu. Imerudia tu kile ilichoambiwa na karani. Wengi huiona alama hiyo na kutamka kwamba maabara "imeonyesha yeye ni mwanamume".

Kosa hili si la zahanati za delta peke yake. Shirikisho la riadha la dunia liliweka mpaka wa nanomoli 5 kwa lita kwa baadhi ya wanariadha wa kike wenye tofauti za maumbile ya jinsi, kwa kanuni za 2018 zilizoanza kutumika 2019, likaushusha hadi 2.5 mwaka 2023. Na kuanzia Septemba 2025 likahamia kwenye kipimo cha jeni iitwayo SRY. Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya, waliopata medali za fedha na shaba katika mbio za mita 800 huko Rio mwaka 2016, walijikuta nje ya mbio hizo. Yafaa ikumbukwe kwamba mipaka iliyobadilika mara kadha ndani ya miaka michache ni mipaka ya mashindano. Haikuwekwa kumwambia mtu yeyote kama atapata mtoto.

6.0 Wasichana Watatu

Na wachukuliwe wasichana watatu wa miaka 17, wote wa delta, wote hawajavunja ungo.

Wa kwanza ameota matiti na nywele za siri kama wenzake. FSH yake ni 5, estrojeni ni ya kawaida, testosteroni ni nanomoli 1 kwa lita. Picha ya ultrasaundi haionyeshi mji wa mimba. Kromosomu zake ni XX. Hali hii humpata mwanamke mmoja kati ya 5,000 hivi, na madaktari wengi hawaihesabu miongoni mwa hali za huntha. Imewekwa hapa kwa sababu nyumbani haitofautishwi na zinazofuata. Ovari zake ni nzima na kila mwezi yai hukomaa.

Wa pili naye ana matiti, tena mazuri, lakini nywele za siri karibu hazipo. Testosteroni yake ni nanomoli 20 kwa lita, LH iko juu. Mji wa mimba haupo. Kromosomu zake ni XY, na ndani ya tumbo au kwenye kinena mna korodani. Testosteroni hupiga hodi, lakini seli za mwili wake hazina wa kuifungulia. Sehemu yake hugeuzwa kuwa estrojeni, na mwili ukakua kwa umbo la kike tangu tumboni mwa mama. Hana mayai, wala korodani zake hazitoi mbegu zinazofaa.

Wa tatu ni mrefu, kifua bado ni cha mtoto. FSH yake ni 80, estrojeni ni kidogo mno, testosteroni pia ni kidogo. Kromosomu ni XY. Tezi zake za uzazi hazikukomaa, zimebaki kama nyuzi. Lakini mji wa mimba anao, mdogo kwa kuwa haujapata estrojeni ya kuukuza. Hali hii hujulikana kwa jina la Swyer.

Sasa na irudiwe kauli ya mwanzo. "Hana kizazi", kwa maana ya kiungo, ni kweli kwa wa kwanza na wa pili, na ni uongo kwa wa tatu. "Hana mayai" ni uongo kwa wa kwanza na ni kweli kwa wawili waliobaki. Wa kwanza anaweza kuwa na mtoto wa damu yake akibebewa mimba na mwingine, na tangu mwaka 2014, mtoto wa kwanza alipozaliwa nchini Sweden kutokana na mji wa mimba uliopandikizwa, hata kuibeba mwenyewe kumewezekana kwa wachache. Wa tatu hana yai lake, lakini akipewa homoni atapata hedhi, na kwa yai la mwanamke mwingine anaweza kubeba mimba na kujifungua. Gharama za tiba hizo ziko mbali na mapato ya mvuvi au mkulima wa mpunga wa Rufiji. Hilo halihalalishi kuwaita wote watatu tasa. Hedhi ya kutokana na vidonge nayo si jambo dogo kwa msichana wa tatu. Ni mlango wa kuingilia unyagoni, na ni mjadala mzuri kwa makungwi kama ungo uliovunjwa kwa dawa umevunjika.

Kuna tofauti nyingine ambayo haihusu uzazi, nayo ni nzito kuliko zote. Tezi za msichana wa tatu zina hatari kubwa ya kufanya uvimbe na saratani, na madaktari hushauri ziondolewe mara hali inapojulikana. Korodani za msichana wa pili zina hatari ndogo mpaka baada ya balehe, na ndizo zinazompa estrojeni yake. Zikitolewa mapema atahitaji dawa maisha yake yote ili mifupa isidhoofu. Fasiri inayosema kwa wote wawili kwamba "kuna tezi mbaya ndani" itamchelewesha mmoja au kumharakisha mwingine.

7.0 Mtoto Mchanga na Mume Asiyepata Mtoto

Subira ya fikihi iliyosifiwa hapo juu ina mpaka mmoja. Mtoto mwenye kromosomu XX anaweza kuzaliwa na kisimi kikubwa kinachofanana na uume, kwa sababu tezi za juu ya figo zimekosa kimeng'enya cha kutengeneza kotisoli na badala yake zimetoa androjeni. Kipimo chake ni homoni iitwayo 17-hidroksiprojesteroni, ambayo huwa juu mno. Wengi wa watoto hawa hupoteza chumvi, na katika wiki ya pili au ya tatu huanza kutapika, hulegea, na hufa wasipotibiwa. Familia ikiambiwa tu kwamba mtoto ni huntha na kwamba wasubiri akue, itasubiri msiba. Mtoto mchanga asiye na korodani za kushikika, ambaye jinsi yake haibainiki, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akipata dawa kila siku ataishi, na wengi wao, ovari na mji wa mimba zikiwa kamili, wana uwezo wa kuzaa.

Kwa wanaume hali iliyo ya kawaida zaidi ni ile ya Klinefelter, yenye kromosomu XXY, inayokadiriwa kumpata mmoja kati ya wanaume 600 hivi. Wengi hawaijui mpaka ndoa ipite miaka bila mtoto, na mke ndiye kwanza huzungushwa kwa waganga. Karatasi ya mume huonyesha FSH iliyo juu, testosteroni ya chini au ya wastani, na manii yasiyo na mbegu. Huyu si hanithi, kwani tendo la ndoa aghalabu analiweza. Wala neno mgumba halimwenei moja kwa moja, maana kwa upasuaji mdogo wa korodani mbegu hupatikana kwa karibu nusu yao.

8.0 Sentensi Badala ya Istilahi

Mjadala wa istilahi katika vyuo umezoea kutafuta neno moja kwa dhana moja. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ilifanya kazi hiyo kwa sayansi za shule na ilistahili shukrani. Katika chumba cha tabibu, hata hivyo, neno moja halitoshi hata likiwa sanifu. Kinachohitajika ni sentensi fupi zinazotenga maswali: kiungo kipi kipo, tezi zinaitika au haziitiki, mbegu ipo au haipo, mimba inaweza kukaa wapi. Kwa msichana wa kwanza ingesemwa hivi: "Mwanangu, mayai unayo na homoni zako ni nzima. Mji wa mimba ndio haukuumbika, kwa hiyo hedhi haitakuja." Kwa wa tatu: "Mji wa mimba unao. Tezi zilizopaswa kutoa mayai hazikukomaa, na hazifai kuachwa ndani. Kuna dawa zitakazokukuza." Sentensi hizi huelekezwa kwa binti, faraghani, kabla ya mama, shangazi au somo. "Mji wa mimba" lina faida juu ya "kizazi": halina maana ya ukoo.

Msichana wa pili ndiye mgumu. Kiswahili hakina neno lililozoeleka la kuzitaja tezi za uzazi pasipo kuzigawa, kama ovari ni za mke na korodani za mume. Wapo wanaopendekeza aambiwe tu kwamba ana "tezi za ndani", na wengine humwambia ana ngiri, kisha humpasua. Uamuzi wa pili haukubaliki. Wa kwanza unafaa kwa siku ya kwanza, ikiwa utafuatwa na maelezo ya jinsi tezi zote za uzazi zinavyoanza tumboni zikiwa za namna moja, ovari na korodani zikatofautishwa baadaye, na kwamba zake zilifuata njia ya korodani huku mwili wote uliobaki ukifuata njia nyingine. Neno korodani halina budi limfikie kwa mdomo wa mtu, katika lugha yake, kabla hajaliona kwenye fomu ya ridhaa ya upasuaji ambayo itamngoja atie sahihi au dole gumba.